Dumuzi Niliowatia Kwenye Picha za Mbao

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na minne, ni mama wa mtoto mmoja wa kike, na ninaishi Nyakato hapa Mwanza. Mwanangu anaitwa Koleta. Kila ninapomwita aje kula, nataja jina la mwanamke ninayemchukia kuliko wote chini ya jua... Hebu fikirini! Mama humwita mwanawe mara ngapi kwa siku?

Siandiki haya ili mnionee huruma. Huruma nimeshachoka nayo. Naandika kwa sababu nilidhulumiwa, nikalipiza kisasi, na kisasi kikafaulu kabisa. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Nilizaliwa Kisesa. Baba yangu alikuwa seremala, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, patasi na randa akanifundisha mimi. Alikuwa na tabia moja. Kila alipomaliza kabati au meza, aliupasha moto msumari mpaka ukawa mwekundu, kisha akaandika jina lake kwa kuchoma mbao mahali ambapo mteja hawezi kuona: chini ya droo, au nyuma ya mlango wa kabati. Nilimwuliza kwa nini analificha. Akasema mteja amenunua kabati, hakununua matangazo, lakini mwenye kazi ni lazima ajulikane siku ikitokea fitina. Maneno hayo niliyasikia kwa sikio la kitoto.

Baba alifariki. Mume wangu naye alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akaandika barua mbili, ya tatu ningali naisubiri mpaka leo. Nikaja mjini nikiwa na mimba ya miezi minne, nikapata kibarua kwenye karakana ya samani pale Nyakato.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kihindi tuliyemwita Babu Jivan. Alizaliwa hapa hapa Mwanza na Kisukuma anakijua kuliko vijana wengi wa siku hizi. Kazi aliyonipa ilikuwa kupiga msasa na vanishi. Mafundi wanaume walinitania kutwa, wakaniita Mama Msasa. Niliwachekea tu, maana tumbo lilikuwa likikua na njaa haina aibu.

Lakini chini ya meza zao palikuwa na mali! Vipande vya mpingo vyeusi tii, mninga mwekundu wa kahawia, mvule wa rangi ya asali, na mbao nyeupe ya mchungwa. Vyote vilikuwa vya kutupwa jikoni. Siku moja nilishika kipande cha mninga, nikaona mistari yake imelala kama ziwa letu saa ya jioni upepo ukianza. Nikajiambia, mimi nitalitengeneza hili ziwa, wala sitatumia tone la rangi.

Ndivyo nilivyoanza. Nilichora picha kwenye karatasi, nikakata kila kipande kwa msumeno mwembamba, kila mbao kwa rangi yake iliyopewa na Mungu, nikavipachika pamoja mpaka hata unywele usipite katikati. Mwanamke mweusi wa mpingo, kanga yake ya mvule, samaki wake wa mchungwa, nyuma yake ziwa la mninga. Gundi ya dukani sikuimudu, nikatumia uji mzito wa unga wa muhogo. Vipande vyote nilivibandika juu ya ubao laini mweupe, nikavilalia na mawe siku nne, kisha nikapiga msasa. Msasa ule ule waliokuwa wakinichekea!

Na nyuma ya kila picha, kwenye ule ubao mweupe, nilifanya kama baba. Niliuchukua msumari wa moto, nikachoma: MINZA WA KISESA. Halafu nikaufunika mgongo wote kwa plaiwudi nyembamba ili pasionekane ufundi wa ndani. Siku ya kwanza Babu Jivan alinikuta na msumari mkononi moshi ukifuka. Aliichukua picha, akaizungusha huku na huku.

"Hii siyo samani, mwanangu," alisema. "Hii ni ya kutazamwa tu. Endelea. Vipande chukua unavyotaka."

Sasa nije kwa huyo nyoka.

Koleta tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Nilikula kwao, alikula kwetu. Makopa ya mama yangu, yaani ile mihogo yetu mikavu, aliyatafuna njia nzima tukienda shule. Yeye aliendelea na masomo, akajua Kiingereza, akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nilipojifungua, ni yeye aliyekuwa nje ya mlango wa wodi na chupa ya chai na kanga mbili mpya. Nitamsahauje? Mtoto nikampa jina lake. Alilia kwa furaha! Tangu siku hiyo akawa anamwita mtoto "wajina wangu", na mimi akaniita Mama Koleta.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vimejaa ufukweni, ndege zinakuja kubeba samaki, na hoteli zimejaa wageni. Koleta aliziona picha zangu akashika mdomo. Akaniomba azitundike hotelini. Nikampa ya kwanza, ya pili, mpaka zikafika saba, mbali na ndogo ndogo zilizonunuliwa. Na fedha za hizo ndogo aliniletea zote, simsingizii. Hakuniibia hata shilingi.

Aliiba kitu kingine.

Jumapili moja baada ya misa nilimbeba mtoto mgongoni, nikaenda hotelini kuziona picha zangu ukutani. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Krismasi... Nilikuta chini ya kila picha pamebandikwa kikadi kizuri, na kwenye kila kikadi jina la Koleta na la baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa amezungukwa na wageni, anawaeleza kwa Kiingereza namna anavyokata mbao. Alikuwa akionyesha kwa mikono. Wasomaji, alikuwa anaushika msumeno wa hewani kama mtu anayekata mkate!

Aliponiona hakushtuka. Alinishika bega, akawaambia wale wageni jambo, wakanipa mkono wakitabasamu. Baadaye mhudumu mmoja wa kutoka kwetu ndiye aliyenitafsiria. Koleta alikuwa amesema, "Huyu ni msaidizi wangu. Ananipigia msasa."

Nilimvuta pembeni, nikamwuliza amefanya nini. Hata sauti hakuipunguza.

"Mama Koleta, acha utoto," aliniambia. "Wageni wanataka mtu wa kuzungumza naye. Wewe ungewaambia nini? Mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma? Fedha si nakuletea?"

"Sitaki fedha. Nataka jina langu."

Akamtazama mwanangu mgongoni, akacheka. "Kwani ubaya uko wapi? Hata huyu ni Koleta. Mwambie atarithi."

Enyi akina mama... mtu akutukane kwa mtoto uliyemzaa, kwa jina ulilompa kwa mapenzi yako mwenyewe! Nilirudi Nyakato kwa miguu, sikuona gari wala mtu.

Nilijaribu kusema. Meneja wa hoteli aliniambia nisimwonee wivu mwenzangu. Mafundi wa karakana walipasuka kwa kicheko, eti Mama Msasa sasa ni msanii. Shahidi wangu mmoja tu alikuwa Babu Jivan, naye alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nani angeniamini? Mimi na darasa langu la saba, mbele ya mtoto wa mapokezi anayevunja Kiingereza kama karanga?

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Nilikwenda Kisesa kumwona mama. Nilimkuta ameketi mlangoni pa ghala, analia. Dumuzi walikuwa wameingia. Wakulima mnawajua wadudu hao, wadogo, weusi, vichwa vimejificha chini kama wenye haya. Walikuwa wameyala makopa yote, yamebaki maganda ukiyagusa yanamwagika unga.

"Hawa hawana adabu, mwanangu," mama alisema. "Wameshamaliza makopa, sasa wanakula mpaka ubao wa mlango. Tazama!"

Nilitazama. Ubao laini ulikuwa na matundu kama chekeche, na chini yake kichuguu cha unga mweupe. Nikakumbuka ubao laini wa picha zangu. Nikakumbuka na gundi yangu ya muhogo... Mama alikuwa analia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu. Niliondoka na kopo la maziwa limejaa dumuzi na makopa ya kuwalisha njiani.

Nikaanza kumchekea Koleta. Nilimwambia nimetafakari, nimeona ana haki, tusigombane kwa vikadi. Alinikumbatia! Akaniambia pia kwamba baada ya miezi miwili kutakuwa na maonyesho makubwa hotelini, wageni watatoka Dar es Salaam kuchagua msanii wa kupeleka kazi zake ng'ambo, na yeye mwenyewe aende nazo. Akaniomba nije kuzipiga picha vanishi upya zing'ae.

Nilikwenda mchana kweupe, saa ya chakula, wafanyakazi wote wako jikoni. Nilifungiwa kwenye stoo na picha zangu saba. Nilizigeuza moja moja kifudifudi, nikatoboa plaiwudi ya nyuma kwa keekee, tundu dogo tu, nikamimina dumuzi kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Nikaziba kwa nta na unga wa mbao. Nilikuwa naimba, wasomaji! Naimba wimbo wa kanisani! Nilikuwa nawaambia wale wadudu, kuleni wanangu, kuleni mshibe, siku yake ya kuheshimika iwe siku ya kuaibika.

Nilishindwa kufikiri jambo moja. Jambo moja tu! Lakini hasira ikipanda kichwani, akili hushuka miguuni.

Wiki ya nne Koleta alinipitia kazini. Akaniambia wafagiaji wanalalamika, kila asubuhi wanakuta unga mweupe chini ya picha. Je, ni kawaida?

"Kawaida sana," nikamjibu. "Mbao zinapumua."

Aliondoka ameridhika. Mimi niliingia nyuma ya rundo la mbao, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kufurahi vile, tangu nizaliwe. Usiku ule nililala kama mtoto.

Siku kumi kabla ya maonyesho, Babu Jivan akarudi. Macho yamepona, amevaa miwani mipya. Nilimwamkia shikamoo, hata kabla hajamaliza marahaba akaniuliza habari za picha. Nikamweleza yote kuhusu Koleta. Kuhusu dumuzi sikugusa. Yule mzee alipandwa na hasira, akapiga meza kwa kiganja.

"Na wewe unalia nini?" alinifokea. "Jina lako si limo ndani? Mimi mwenyewe nilikuona na msumari wa moto! Nitakwenda kwa mwenye hoteli, tunajuana miaka thelathini. Picha zitafunguliwa migongo mbele ya hao wageni wote. Tuone kama ndani kumeandikwa Koleta!"

Wasomaji... ndipo nilipokumbuka.

Jina langu. MINZA WA KISESA. Lilikuwa kwenye ule ubao mweupe. Ule ule niliowapa dumuzi waule!

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia pale pale. Ningeanzaje? Mzee aliyeishi maisha yake yote kwa mbao, nimwambie nimefuga dumuzi? Nikajipa moyo kwamba labda hawajafika kwenye maandishi, labda mbao iliyochomwa na moto haiwapendezi. Nilifunga siku tatu bila kula. Nilimwomba Mungu awaue wale wadudu, wale wale niliowaimbia.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Kutoka Dar es Salaam walikuja bwana mmoja wa makamo na mama mwenye mvi, watu wa heshima. Babu Jivan alisimama akaeleza madai yetu kwa Kiswahili safi, akataja jina na mahali lilipo. Nilimwona Koleta akibadilika rangi. Hakujua habari ya jina! Midomo ilimkauka, akaketi. Dakika ile nilikuwa mshindi, nikamtazama machoni mpaka akainamisha kichwa. Dakika ile moja tu.

Fundi wa hoteli aliilaza picha ya kwanza mezani, ile ya mwanamke na samaki. Akachomeka bisibisi pembeni, akaibandua plaiwudi.

Unga ukamwagika.

Ulimwagika mezani, ukamwagika sakafuni, juu ya viatu vya yule mama wa Dar. Hapakuwa na ubao. Hapakuwa na jina. Palikuwa na unga mweupe na wadudu weusi wanakimbilia kila upande, watu wakipiga kelele na kurudi nyuma. Wakafungua ya pili, unga. Ya tatu, unga. Uso wa picha ulipoinuliwa ulikatika kama chapati kavu, ziwa langu la mninga likaanguka vipande vipande. Walifungua zote saba. Katika ya sita kilibaki kibao kama nusu ya kiganja, na juu yake herufi mbili, S na A. Nani angejua ni za neno gani?

Koleta ndiye aliyeinua plaiwudi na kuiweka kwenye mwanga. Aliliona tundu la keekee, duara safi, na nta yangu ikiwa bado imo. Alichovya kidole kwenye unga, akanusa. Alikulia kwenye makopa ya mama yangu, harufu ile aliijua.

"Ni yeye," alisema taratibu. "Alikuja kupiga vanishi. Amewaleta kutoka kwao."

Sikukana. Nikasema tu, "Nipeni msumeno. Nipeni mbao, nitawatengenezea nyingine sasa hivi mwone!"

Yule mama mwenye mvi aliukung'uta unga viatuni. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo, kwamba anaamini kazi ni yangu. Ameona kwenye macho yangu ziwa lilipoanguka. Lakini hana picha ya kupeleka, na mtu aliyeweza kuzifanyia hivi kazi za mikono yake, yeye hawezi kumdhamini mbele ya watu. Wakapanda gari wakaondoka.

Mwenye hoteli aliamuru kila kitu kichomwe nyuma ya jiko. Mimi na Koleta tulijikuta tumesimama pande mbili za moto ule ule. Alikuwa analia, wanja umemchora mashavu. Nilidhani atanitukana.

"Mimi niliiba jina lako nikaliweka ukutani," alisema. "Wewe umelilisha wadudu. Sasa tumebaki na nini?"

Nilitaka kumrukia nimkwaruze uso! Nilitaka aseme maneno ya kijinga, maneno ya mwizi, nimcheke. Lakini neno lile lilikuwa la kweli, na nalichukia hadi leo kwa sababu hiyo. Alifukuzwa kazi wiki ile, akahamia kwa ndugu zake Bukoba. Nisiwadanganye, nilifurahi. Hata leo nikikumbuka alivyokaa kwenye kile kiti midomo imemkauka, kuna kitu ndani yangu kinachekelea.

Lakini Babu Jivan... Aliniita kesho yake. Hakupiga meza. Alikuwa amevua miwani anaifuta.

"Ungeniambia, Minza," alisema. "Tungetafuta dawa, tungetafuta njia. Ulinisimamisha mbele ya watu huku unajua. Na mimi naishi kwa mbao, mwanangu. Anayefuga dumuzi siwezi kumweka karibu na mbao zangu."

Nilipiga magoti. Hakubadili neno. Hakuna karakana Nyakato nzima iliyonipokea baada ya hapo, maana habari ya dumuzi ilinitangulia kila mlango. Mafundi wale wale waliosema siwezi kuwa msanii, sasa wote walisadiki kwamba picha zilikuwa zangu, na ndiyo sababu wakaniogopa! Nilipata sifa niliyoitaka, siku ambayo haikunifaa kitu. Sasa hivi nakaanga samaki kando ya barabara ya kuelekea Kisesa.

Siku ile ya moto niliokota kitu kimoja majivuni, samaki mdogo wa mbao ya mchungwa, ameungua mkia. Juzi mwanangu alimkuta kwenye kopo langu la vifungo. Ana miaka minane sasa, mikono yake haitulii, kila kipande cha kuni lazima akikwangue.

"Mama, nani alimtengeneza huyu?"

"Mimi."

Alimgeuza upande wa pili, akatafuta. Babu yake, yaani baba yangu seremala, hakuwahi kumwona, lakini habari za msumari wa moto nimemsimulia tangu akiwa mdogo.

"Sasa mbona hukuandika jina?"

Wasomaji wenzangu, ukidhulumiwa, piga kelele. Usipoaminiwa leo, piga tena kesho, na umngoje shahidi wako hata kama macho yake yanatibiwa mbali. Mchukie aliyekuumiza ukipenda, mimi sina uso wa kukukataza. Lakini kabla hujatoboa tundu lako, nakusihi, geuza kwanza kitu hicho uone upande wa pili kimeandikwa jina la nani.

Mwanangu bado ananisubiri nimjibu. Nilimwambia, "Koleta, njoo ule."